Mdundo uko mkononi mwa nani? Kuatro, fluti na besi katika muziki wa chemba wa Venezuela

Watu wanne wamekaa jukwaani: fluti, kuatro (kigitaa cha nyuzi nne), besi ya kusimama na manyanga. Kondakta hayupo, ngoma haipo. Wanaanza pajarillo, aina mojawapo ya horopo, muziki wa dansi wa Venezuela, nawe unafuatisha kwa kofi. Vipimo viwili vya kwanza mambo shwari. Cha tatu kofi linaangukia patupu na unajiona umepotea. Hujapotea. Ulikuwa unaifuata besi, kisha sikio likahamia kwenye kuatro bila kukuaga, na hao wawili hawahesabu namna moja.

Muziki huu wa chemba, yaani wa kundi dogo lisilo na kondakta, mara nyingi hutambulishwa kuwa ni "asili iliyochanganywa na klasiki", kana kwamba ni chai na maziwa. Maelezo hayo hayamsaidii anayetaka kusikiliza vizuri, na anayetaka kuupiga yanampotosha kabisa, maana humfanya achukue wimbo wa kijijini, auongezee fidla, aandike nota safi, kisha ashangae kwa nini umepooza. Suala lenyewe ni moja: nani anashika mdundo. Aliyesomea muziki wa klasiki amezoeshwa kuutafuta kwenye karatasi, kwenye fimbo ya kondakta na kwenye pigo la kwanza la kila kipimo. Katika muziki wa Venezuela mdundo unakaa mkono wa kulia wa mpiga kuatro, na manyanga yako ubavuni mwake. Kundi likishakubaliana juu ya hilo, mengine yote yanafundishika.

Makundi mawili ya Caracas, mji mkuu wa Venezuela, ndiyo yanayotajwa kwanza jambo hili likizungumzwa. El Cuarteto lilianza mwaka 1979, likiwa na fluti, kuatro, gitaa na besi. Ensamble Gurrufío likafuata mwaka 1984. Humo utawasikia Luis Julio Toro kwenye fluti, Cheo Hurtado kwenye kuatro na David Peña kwenye besi. Cristóbal Soto alikuwamo tangu mwanzo na mandolini yake, na baadaye akaingia Juan Ernesto Laya na manyanga. Gurrufío ni mchezo wa watoto: kizibo cha soda kilichopondwa hadi kikawa bapa, kikatobolewa matundu mawili, kikapitishwa uzi, ukiuvuta na kuulegeza kinazunguka na kuvuma. Watoto wa kwetu nao wanacho. Kwa kundi la aina hii jina limepatikana, kwa sababu kitu hicho kinavuma tu pale mikono miwili inapovutana.

Kuatro kwa karibu

Kuatro ni kigitaa cha nyuzi nne za nailoni, na jina lenyewe ni "nne" kwa Kihispania. Nyuzi hukazwa kwa nota la, re, fa#, si, na Mvenezuela huzikumbuka kwa kuimba cam-bur-pin-tón, silabi moja kwa kila uzi, maana yake ndizi inayoanza kuiva. Mpiga gitaa anapoishika mara ya kwanza hushangazwa na uzi wa mwisho: haupandi. Kwa mitetemo kwa sekunde, nyuzi zinakwenda 220, 294, 370, halafu zinarudi chini hadi 247. Nota ya si iko chini ya re.

Kutokana na mpangilio huo, nyuzi zote nne zikiwa wazi zinajibana ndani ya nusutoni tisa, oktava haitimii. Kodi ya kuatro (si ile ya serikali, bali nota kadhaa zinazolia kwa pamoja) inatoka kama kitu kimoja kilichoshikana, si sauti nne zilizopangwa ngazi kwa ngazi. Ina ukali na mng'ao, lakini haiwezi kukwambia mguu wake uko wapi. Piga nyuzi wazi: la, re, fa#, si. Hiyo yaweza kuwa kodi ya re yenye sita, au kodi ndogo (minor) ya nota si, yenye saba. Kuatro peke yake haiamui. Besi ndiyo inayoamua, kwa kupiga nota re au nota si chini yake. Kwa hiyo besi katika kundi hili haiko kwa ajili ya kunenepesha sauti. Ndiyo inayotaja jina la kodi.

Kazi kubwa ya kuatro iko mkono wa kulia. Katika horopo (kwa Kihispania huandikwa joropo) mkono unakwenda juu na chini mapigo sita kwa kila kipimo bila kukatika, na mawili kati ya hayo sita ni makavu: mpigaji anapiga na papo hapo anazizima nyuzi kwa kiganja, ikatoka sauti ya "chak" isiyo na nota. Mapigo hayo makavu huachana kwa nafasi tatu. Yanapoanzia ndipo mifumo miwili ya horopo inapotengana, por corrío na por derecho. Ukizihamisha "chak" hizo mbili ukaacha kila kitu kingine pale pale, kodi zile zile na wimbo ule ule, mchezaji atajua papo hapo kwamba huo si mwendo aliouzoea.

Tatu na mbili kwa wakati mmoja

Tugawe kipimo kimoja katika thumuni sita (thumuni ni nusu ya nota ya robo), ili hesabu zionekane:

Besi: 1 . 3 . 5 .
Kuatro: 1 . . 4 . .

Besi inahesabu tatu, yaani robo tatu, ile ambayo karatasini huandikwa 3/4. Kuatro na manyanga yanahesabu makundi mawili ya thumuni tatu, yaani 6/8. Wanakutana kwenye moja tu. Juu ya hayo besi ina tabia ya kuacha pigo moja tupu, na fluti inayobeba wimbo inaruka upande mmoja kwenda mwingine inavyotaka: kipimo hiki iko na besi, kinachofuata iko na kuatro. Hapo ndipo kofi lako lilipopotelea.

Aliyekulia pwani akisikia chakacha ana mwanzo mzuri, kwa sababu sikio lake limeshazoea sita inayogawanyika mara mbili na mara tatu kwa pamoja. Asiyelizoea afanye hivi: mguu upige tatu (1, 3, 5), mkono upige mbili (1, 4), polepole sana, huku mdomo ukihesabu hadi sita. Mara nyingi mkono huanza kuvutwa na mguu na zote zikawa tatu. Tiba yake ni kuondoa moja: mguu usipige pigo la kwanza, ubaki na 3 na 5 tu. Ni vigumu zaidi kwa dakika kumi za mwanzo, kisha ghafla mkono unakuwa huru, kwa sababu hauna tena mahali pa kukutania na mguu.

Kasi nayo ina neno lake. Kwa robo 200 kwa dakika, mwendo wa kawaida tu kwa pajarillo, thumuni moja inachukua sekunde 0.15. Hapo hakuna anayehesabu. Ndiyo maana mwalimu wa horopo hafundishi kuhesabu. Anafundisha mkono, nao mkono ukishajua akili inapumzika.

Merenge, au tano isiyo tano

Horopo angalau inakubali kuandikwa. Merenge ya Venezuela inagoma. Kwanza isichanganywe na merenge ya Jamhuri ya Dominika: jina ni moja, mwendo ni mwingine kabisa. Ya Caracas ina thumuni tano kwa kipimo, tatu na mbili, na mwanafunzi anaweza kuikamata kwa kusema "ndizi na chai" mfululizo, mkazo kwenye ndi na cha. Ndi-zi-na cha-i, ndi-zi-na cha-i. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi unaanza kwenye karatasi. Watunzi wengine huiandika 5/8, ambapo thumuni zote ni sawa, kwa hiyo nusu ya kwanza ni ndefu kuliko ya pili. Wengine huiandika 2/4, nusu ya kwanza ikiwa na nota tatu zilizobanwa mahali pa mbili na nusu ya pili nota mbili za kawaida. Kwa maandishi hayo nusu zote mbili zina urefu sawa. Wapo pia wanaotumia 6/8. Wote wana sababu, kwa sababu wapigaji wazuri hukaa katikati: "ndizi na" haibanwi kabisa, wala haiachwi ndefu kabisa. Mwanafunzi wa chuo akiipiga 5/8 kwa metronomu, kila thumuni na mwenzake sawasawa, inatoka hesabu safi na wachezaji wanajikwaa. Mazoezi yanayosaidia ni kuipiga 2/4 kwa dakika tano, kisha 5/8 kwa dakika tano, kisha kufunga daftari na kuifuata kuatro ya mtu anayeijua.

Mpaka ambao haukuwahi kuwa safi

Ni rahisi kudhani upande mmoja kulikuwa na nyanda za llanos na wachunga ng'ombe wao, upande mwingine kumbi za Caracas, na kwamba makundi haya ndiyo yaliyojenga daraja. Haikuwa hivyo. Caracas ilikuwa na watunzi wa muziki wa kanisa waliosoma vizuri tangu zama za ukoloni. José Ángel Lamas aliandika Popule Meus mwaka 1801, na wengi wa wanamuziki wa kizazi chake walikuwa pardo, watu wa damu iliyochanganyika na ya Kiafrika. Valsi, dansi ya mapigo matatu, ilifika kutoka kumbi za Ulaya katika karne ya 19, ikakaa kwenye piano za wenye nafasi, kisha ikatoka mlangoni na kushikwa na bandola (chombo cha nyuzi cha kienyeji), gitaa na kuatro. Walipoirudisha ilikuwa imeshajifunza kuhesabu mbili na tatu kwa pamoja. El Diablo Suelto ya Heraclio Fernández, ya karne hiyo hiyo, ni mfano ambao karibu kila kundi la aina hii linaupiga: leo unapigwa kama horopo ya kukimbiza vidole, lakini ulizaliwa valsi ya piano.

Katika karne ya 20 Vicente Emilio Sojo alikusanya nyimbo za kienyeji na kuzipangia sauti huku akifundisha utunzi mjini Caracas. Antonio Lauro, aliyezaliwa Ciudad Bolívar mwaka 1917, alipita mikononi mwake na kuandika valsi za gitaa zinazopigwa sasa katika vyuo vya dunia nzima, mara nyingi vibaya. Ubaya wenyewe ni ule ule: mpigaji anaona 3/4, anakaza pigo la kwanza la kila kipimo, na sita iliyofichwa ndani inakufa. Aldemaro Romero kwa upande wake aliipeleka horopo kwenye okestra ya nyuzi. Fuga con Pajarillo yake inaanza kwa kanuni za fuga, sauti ikifuata sauti, na chini yake mzunguko wa pajarillo hauachi kusukuma. Fredy Reyna naye aliiweka kuatro peke yake mbele ya hadhira, bila mwimbaji wa kuisindikizia.

Kisha mwaka 1975 José Antonio Abreu akaanzisha mtandao wa okestra za vijana unaojulikana kama El Sistema. Vijana wengi mno wakapata fidla, fluti na besi, na uwezo wa kusoma nota. Nyumbani kwao kuatro ilikuwa imetundikwa ukutani. Kukutana kwa vyombo hivyo hakukuhitaji ilani.

Kupanga pajarillo kwa watu wanne

Mzunguko wa pajarillo ni mfupi: kodi ndogo ya kwanza, ya nne, kisha ya tano vipimo viwili. Kwa ufunguo wa re ndogo: re ndogo, sol ndogo, la yenye saba, la yenye saba, na unarudi. Ukibadili kodi ya kwanza na ya nne ziwe kubwa umepata seis por derecho, aina nyingine ya horopo. Vipimo vinne vinavyozunguka mara mia si umaskini. Ni kama beti za mashairi: kanuni haibadiliki, sifa zinakwenda kwa kinachosemwa ndani yake.

Anza na kuatro na manyanga peke yao. Wapige mzunguko huo kwa dakika kadhaa, mwendo wa nusu ya kasi, mpaka "chak" za kuatro na mtikiso wa manyanga zikae juu ya mstari mmoja. Manyanga ya horopo huwa mawili yasiyo sawa, moja lenye sauti nzito na jingine jepesi. Ndani yake huwa na mbegu za capacho, zile ngumu nyeusi zilizo duara, ndani ya kibuyu kidogo. Mpigaji asiyejua hutikisa. Anayejua hurusha mbegu zote kwa pamoja na kuzidaka upande wa pili, ndipo sauti inakatika kali. Mbegu zikimwagika taratibu kila pigo linapata mkia, na kwa thumuni ya sekunde 0.15 mkia huo unalifunika pigo linalofuata. Ukisikia kundi zima ni zito na hujui kwa nini, angalia hapo kwanza kabla hujamlaumu mpiga besi.

Besi iingie ya pili. Mpiga besi aliyetoka okestra huja na desturi mbili za kuachwa mlangoni. Ya kwanza ni upinde: katika horopo besi huchomolewa kwa vidole. Ya pili ni kusubiri. Kwenye okestra besi huchelewa kidogo nyuma ya fimbo, sauti nene ikapata muda wa kuzaliwa. Hapa ikichelewa hivyo inakaa juu ya "chak" ya kuatro na vyote viwili vinazimana. Nota ziwe fupi. Lile pigo linaloachwa tupu liachwe tupu kwelikweli, uzi uzimwe kwa mkono wa kushoto, usiendelee kuvuma.

Fluti iwe ya mwisho, na hapa ndipo penye makosa mengi zaidi. Nota ya chini ya fluti ya kawaida ni do ya mitetemo 262, katikati kabisa ya nyuzi wazi za kuatro. Ukiandika wimbo kwenye oktava hiyo hausikiki, hata mpigaji apulize mpaka mishipa imtoke. Wimbo mkuu uwekwe kuanzia re ya oktava inayofuata, 587, kwenda juu. Oktava ya chini itunzwe kwa sehemu ambapo kuatro inanyamaza au inachomoa uzi mmoja mmoja. Mtetemo wa sauti, ule mpigaji wa klasiki anaoutia kila nota, upunguzwe hadi nota ndefu tu. Kwenye thumuni za kukimbia unazifanya zote zionekane na uzito sawa, na uzito sawa ndio adui. Ulimi uende tu-ku, tu-ku, kwa sababu thumuni karibu saba kwa sekunde zinachosha ulimi mmoja kabla kipande hakijafika nusu. Pumzi nayo isichukuliwe kwenye mstari wa kipimo. Mwanafunzi hupumua hapo kwa mazoea na kila mara anatoboa tundu mahali mzunguko unapogeukia. Afute nota moja katikati ya mbio, avute pumzi hapo; hakuna atakayeikumbuka nota hiyo.

Ukitaka fidla au selo badala ya fluti, tatizo linahamia kwenye upinde. Upinde unaoshuka una uzito kuliko unaopanda, na mpigaji aliyesoma hushusha kwenye pigo la kwanza bila kuambiwa. Andika mwelekeo wa upinde mwenyewe, uuvushe juu ya mstari wa kipimo ili mshuko uangukie nne, au tano, popote wimbo unapotaka kuegemea. Usiposema, utapata valsi ya Ulaya.

Kuna swali la kuongeza gitaa. Nota ya chini ya gitaa ni 82, kwa hiyo linajaza kwa raha pengo lililopo kati ya besi na kuatro. El Cuarteto lilichagua hivyo, na sauti yake ina joto la sebuleni. Gurrufío hawana gitaa na pengo linabaki wazi, ndiyo sababu muziki wao unasikika una hewa na makali. Njia zote mbili ni halali. Isiyo halali ni gitaa kupiga kodi kamili katika nyuzi zile zile za kuatro. Vyombo viwili vikigombea mitetemo 220 hadi 370 kinachobaki ni kelele. Gitaa lipige nyuzi za chini na mistari ya kupingana na wimbo, kodi liiachie kuatro. C4 Trio, wanaotumia kuatro tatu pamoja na besi, hulikwepa tatizo hilo kwa kugawana: mmoja anashika mkono wa horopo, mmoja anachomoa wimbo, wa tatu anajaza juu kabisa ya shingo.

Kinubi cha llanos, mfalme wa horopo ya nyumbani, hakikai kwa urahisi katika kundi la namna hii. Kina nyuzi thelathini na kitu zilizokazwa kwa ngazi moja, hakina pedali. Kinubi cha okestra kina nyuzi 47 na pedali saba za kubadili ufunguo. Mpangaji aliyesoma anapenda kuhama ufunguo katikati ya kipande. Kinubi cha llanos hakiwezi kumfuata bila kukazwa upya, na hakuna anayekaza nyuzi thelathini mbele ya watu. Ukitaka kinubi, kaa kwenye ufunguo mmoja na utafute mabadiliko mahali pengine.

Jukwaani

Kitu kinachoharibu tamasha zaidi ya makosa ya nota ni joto. Hewa ndani ya fluti ikipata joto, sauti inapanda. Nailoni ya kuatro ikipata joto la taa, uzi unalegea na sauti inashuka. Kwa hiyo vyombo viwili vilivyolingana vizuri nyuma ya pazia vinaachana kila kimoja upande wake, na kufikia wimbo wa tatu tofauti inasikika hata kwa aliyeko mlangoni. Kuatro ikazwe jukwaani, taa zikiwa zimewaka, baada ya fluti kupulizwa dakika kadhaa. Na ikazwe tena baada ya kila nyimbo mbili; hadhira haichoki kusikia cam-bur-pin-tón.

Kipaza sauti cha kuatro kiwekwe sentimita 20 hadi 30 kutoka pale shingo inapokutana na mwili. Kikielekezwa kwenye tundu, "chak" inageuka "bumu" na mfumo mzima wa mapigo makavu unapotea. Manyanga katika ukumbi mdogo hayahitaji kipaza. Na walivyokaa kuna maana kuliko ukubwa wa spika: kuatro katikati, manyanga upande wa mkono wake wa kulia ambapo mpigaji anauona mkono huo, besi nyuma yao. Fluti isimame pembeni, mahali inapoweza kumtazama mpiga kuatro bila kugeuza shingo, kwa sababu mzunguko utakapokaribia kufungwa hakuna karatasi itakayosema ni sasa. Kuatro itainua kiwiko.